Mwana wa fundi mapipa na makosa elfu nane

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alinijia baada ya kipindi akiwa ameshika daftari lake kwa mikono miwili. Aliniamkia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo la aibu: "Mwalimu, kwani kitabu kinaweza kukosea?" Alikuwa amelifanya swali moja la trigonometria mara nne, na mara zote nne alipata jibu lisilolingana na lile lililochapishwa kurasa za mwisho. Tuliketi, tukalifanya upya hatua kwa hatua tukitumia kitabu cha majedwali, na ikathibitika kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nilipomwambia hivyo hakufurahi mara moja. Alinitazama kwa muda kana kwamba nimemwondolea ukuta aliokuwa ameuegemea.

Namwelewa, kwa sababu yaliwahi kunipata. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani miaka miwili kwa kukosa ada, na katika miaka hiyo nilijifunza kalkulasi peke yangu kwa kitabu chakavu nilichokinunua kwa wauza vitabu wa pembeni mwa barabara. Swali moja lilinichukua siku tatu. Siku ya kwanza niliamini nimekosea hesabu, siku ya pili niliamini sikuielewa mada, na siku ya tatu niliamini kwamba mtu wa aina yangu hakuumbiwa mambo hayo. Haikunijia hata kidogo kwamba mpiga chapa alikuwa ameruka alama ya kutoa. Mtu anayejifunza bila mwalimu hana wa kumuuliza, na kwa hiyo kila pengo lililomo kitabuni hulihesabu kuwa ni pengo la akili yake mwenyewe.

Ndiyo maana, katika watu wote wa historia ya hisabati, hakuna ninayempenda kama Nathaniel Bowditch. Yeye hakuvumbua tawi jipya la elimu kama Newton, wala hakuacha nadharia kubwa yenye jina lake kama Laplace. Alichofanya ni kukataa kuiamini tarakimu kwa sababu tu imechapishwa, na baada ya kuihakiki akamwachia mwenzake njia iliyo wazi ya kufika pale alipofika yeye.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1773 katika mji wa Salem, Massachusetts, mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake, Habakkuk Bowditch, aliwahi kuwa nahodha wa meli, lakini kufikia wakati huo alikuwa akiishi kwa kazi ya kuunda mapipa, na nyumba ilikuwa na dhiki. Nathaniel alitolewa shule akiwa na umri wa miaka 10 ili amsaidie baba yake katika karakana. Alipotimiza miaka 12 aliwekwa uanagenzini, kwa mkataba wa miaka tisa, kwa wafanyabiashara wa Salem waliouza vifaa vya meli: kamba, matanga, misumari, lami na kila kitu ambacho merikebu huhitaji kabla ya kung'oa nanga. Kazi yake ilikuwa kuandika hesabu za duka. Basi huyu ndiye mtu ambaye baadaye mabaharia wa nchi nzima wangebeba kitabu chake: mtoto aliyeacha shule akiwa na miaka 10, akafungwa kwa mkataba nyuma ya kaunta hadi ujana wake ulipokwisha.

Mwaka 1787 ndugu yake alirudi nyumbani kutoka kwenye masomo ya uongozaji wa meli na kumweleza kwamba mwalimu wao ana njia ya kufanya hesabu kwa herufi badala ya tarakimu. Nathaniel aliomba kitabu cha njia hiyo, yaani aljebra, na inasimuliwa katika kumbukumbu za familia yake kwamba usiku ule hakupata usingizi. Alikuwa na miaka 14. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kuingia katika kalkulasi, bado akiwa karani wa duka, bado bila mwalimu.

Hapa pana jambo la bahati ambalo haifai kulificha, kwa sababu wasifu wa watu waliojifunza wenyewe mara nyingi huandikwa kana kwamba waliota jangwani. Mwaka 1781, wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, meli ya mashambulizi iliyotoka Beverly, mji jirani na Salem, iliiteka meli iliyokuwa imebeba maktaba ya Richard Kirwan, mwanakemia wa Ireland. Vitabu vile viliuzwa kwa bei ndogo, vikanunuliwa na watu wachache wa Salem wapenda elimu, nao wakaanzisha maktaba ya sayansi. Kwa hiyo katika mji mdogo wa bandari, hatua chache kutoka duka la kamba na misumari, kulikuwa na hazina ya vitabu vya sayansi ambayo Bowditch mwenyewe aliandika, katika wosia wake, kwamba mfano wake haukupatikana karibu zaidi ya Philadelphia. Wenye maktaba walimruhusu mwanagenzi huyu kuazima apendavyo. Hakusahau: alipofariki aliiachia taasisi iliyorithi maktaba hiyo dola 1,000, akaeleza katika wosia huohuo kwamba anailipa deni la ujana wake.

Aliyemfungulia mlango hakumfanyia kazi, hata hivyo. Makala za hisabati kutoka katika majarida ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alizinakili kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuvinunua vitabu hivyo. Alipotaka kusoma kazi kuu ya Newton, iliyoandikwa kwa Kilatini, alianza kujifunza Kilatini mwaka 1790. Alipotambua kwamba hisabati mpya ya zama zake inaandikwa na Wafaransa, alijifunza Kifaransa. Njia yake ya kujifunza lugha ilikuwa ileile kila mara: Agano Jipya kwa lugha anayoitaka, na kamusi pembeni, kwa kuwa maneno ya Agano Jipya alikwisha kuyajua kwa lugha yake. Nimewajua wazee wa kwetu waliojifunza Kiingereza kwa njia hiyohiyo, Biblia ya Kiswahili upande mmoja na ya Kiingereza upande wa pili, na nilipoisoma habari hii niliwakumbuka kwa heshima.

Mkataba wake ulipokwisha aliingia baharini. Tarehe 11 Januari 1795 merikebu iitwayo Henry iling'oa nanga Salem kuelekea kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Bowditch alikuwa karani wa meli hiyo, na alizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia katika bahari yetu hii ya Hindi akiwa na miaka 21. Baada ya hapo alisafiri mara tatu katika merikebu Astrea chini ya Nahodha Henry Prince: kwanza Lisbon, Madeira na Manila, kisha Hispania, kisha Batavia, ambayo leo ni Jakarta, na Manila tena. Safari ya tano na ya mwisho, kati ya 1802 na 1803, ilimpeleka Sumatra kununua pilipili manga, naye ndiye aliyekuwa nahodha.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye hesabu zenyewe, kwa sababu bila kuzielewa mtu hawezi kujua kwa nini tarakimu moja iliyokosewa ilikuwa jambo la kufa na kupona.

Katikati ya bahari hakuna alama. Nahodha anatakiwa kujua mambo mawili: yuko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta, na yuko umbali gani mashariki au magharibi. La kwanza, yaani latitudo, lilikuwa rahisi kulipata. Saa sita mchana, jua linapofika juu kabisa, baharia hupima kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe, kimo chake kutoka upeo wa macho. Kimo hicho akikitoa katika digrii 90 hupata umbali wa jua kutoka utosini. Lakini jua lenyewe halikai mahali pamoja: mwezi Juni liko juu ya Tropiki ya Kansa, mwezi Desemba liko juu ya Tropiki ya Kaprikoni, na katika miezi ya katikati linasafiri kati ya hizo mbili. Kwa hiyo baharia hufungua jedwali linalomwonyesha, kwa kila siku ya mwaka, jua liko digrii ngapi kaskazini au kusini mwa ikweta, kisha hujumlisha au hutoa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Uhai wote wa meli umo katika jedwali.

Kitabu kilichotumiwa sana na mabaharia wakati huo kilikuwa The New Practical Navigator cha Mwingereza John Hamilton Moore. Ndani yake, katika majedwali ya jua, mwaka 1800 ulihesabiwa kuwa mwaka mrefu. Kwa kawaida kila mwaka unaogawanyika kwa nne huwa na tarehe 29 Februari, lakini kalenda ya Gregori huiondoa siku hiyo katika miaka ya mwisho wa karne isiyogawanyika kwa 400. Mwaka 1800 haugawanyiki. Basi kuanzia tarehe 1 Machi ya mwaka huo, jedwali lilikuwa siku moja nje ya ukweli. Mtu anaweza kudhani siku moja ni kitu kidogo. Lakini karibu na tarehe 21 Machi jua huhama kwa kiasi cha dakika 24 za digrii katika siku moja, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini. Meli inayojidhania iko salama inaweza kuwa zaidi ya maili 20 kutoka pale inapojidhania, na usiku, katika pwani yenye miamba, maili 20 ni nyingi mno.

Nimeifanya hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi wangu, na darasa lilinyamaza kimya. Kosa lenyewe si la hisabati ngumu. Ni kosa la mtu aliyeifuata kanuni ya kugawanya kwa nne bila kukumbuka kwamba kanuni ina mpaka wake.

Bowditch alilikuta kosa hilo, na hakuishia hapo. Edmund March Blunt, mchapishaji wa Newburyport, alikuwa akitaka kutoa chapa ya Kimarekani ya kitabu cha Moore, akamwomba Bowditch akipitie. Kazi ya kupitia ikageuka kuwa kazi ya kukokotoa upya. Katika safari zile ndefu alikaa na majedwali akihesabu kila tarakimu kwa mkono wake, na mwishowe alikuwa amekusanya makosa zaidi ya 8,000 katika kitabu cha Moore, na zaidi ya 2,000 katika majedwali yaliyotayarishwa na Nevil Maskelyne, mwanafalaki mkuu wa Uingereza. Maskelyne hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa mmoja wa wanafalaki walioheshimiwa kuliko wote Ulaya. Kijana wa miaka 20 na kitu, aliyeacha shule akiwa na miaka 10, aliketi katika chumba kinachoyumba na kumhakiki mstari kwa mstari, akiandika tu: hii ni saba, si moja. Mwaka 1802 kitabu kilikuwa kimebadilika kiasi kwamba kilitolewa kwa jina jipya, The New American Practical Navigator, na jina la Bowditch likawekwa juu yake.

La pili, longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, ndilo lililokuwa gumu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, hivyo anayejua saa ya mahali alipo na saa ya Greenwich, Uingereza, ambako longitudo huanza kuhesabiwa, kwa wakati huohuo anaweza kupata longitudo yake kwa kutoa moja katika nyingine. Saa ya mahali alipo huipata kwa jua au nyota. Saa ya Greenwich angeweza kuibeba ndani ya kronomita, yaani saa ya baharini yenye usahihi mkubwa, lakini kronomita zilikuwa ghali mno kwa meli nyingi za biashara. Kilichobaki ni mwezi. Mwezi huhama kati ya nyota kwa kiasi cha nusu digrii kila saa, kama mshale wa saa kubwa iliyotundikwa mbinguni, na kalenda ya mabaharia iliyochapishwa Uingereza tangu 1767 ilionyesha umbali wa mwezi kutoka kwenye jua au nyota fulani kwa kila saa tatu za Greenwich. Baharia akiupima umbali huo kwa sekstanti, na akaurekebisha kwa sababu hewa hupindisha mwanga na kwa sababu yeye yuko juu ya uso wa dunia wala si katika kitovu chake, anaweza kujua saa ya Greenwich bila kuwa na saa.

Marekebisho hayo ndiyo yaliyowashinda wengi. Yalihitaji ukurasa mzima wa hesabu za logi (logaritmu), na kosa la dakika moja ya digrii katika umbali wa mwezi huzaa kosa la karibu nusu digrii ya longitudo, yaani maili 30 kwenye ikweta. Manahodha wengi waliiona kuwa ni kazi ya maprofesa, wakaendelea kukadiria mwendo kwa kamba yenye mafundo na kuomba Mungu. Bowditch alitafuta njia fupi zaidi ya kufanya marekebisho hayo, njia isiyomlazimu baharia kusimama katikati ya hesabu na kujiuliza hapa najumlisha au natoa. Kisha alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko njia yenyewe: aliwafundisha mabaharia.

Hapo awali elimu ya longitudo ilikuwa ya nahodha na wasaidizi wake wachache, na baharia wa kawaida alikuwa mikono ya kuvuta kamba tu. Katika Astrea, Bowditch aliketi na kila aliyetaka kujua. Husimuliwa kwamba Nahodha Prince alipoulizwa huko Manila aliwezaje kufika salama akipambana na upepo wa msimu, alijibu kwamba melini mwake wamo watu kumi na wawili wanaoweza kupima na kukokotoa longitudo kwa mwezi, kuanzia yeye hadi mpishi. Wengi wa mabaharia hao walipanda vyeo katika meli nyingine. Nadhani hao ndio waliokiumba kile kitabu. Mtu anayemweleza baharia mwenzake jambo gumu, usiku, chini ya taa ya mafuta, anaona usoni mwake ni wapi maelezo yalipokatika, na akirudi kwenye karatasi anajua ni sentensi ipi inayotakiwa kuongezwa.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani nitasema machache. Machi 1798 alimwoa Elizabeth Boardman, akasafiri, na Oktoba mwaka huohuo mkewe akafariki yeye akiwa ng'ambo. Mwaka 1800 alimwoa binamu yake Mary Ingersoll, wakaishi pamoja karibu miaka 34.

Safari ya mwisho iliishia katika usiku ambao Salem waliusimulia kwa vizazi. Ilikuwa Krismasi ya 1803. Bowditch alikuwa akirudi kutoka Sumatra na shehena ya pilipili katika merikebu Putnam, na pwani ya Massachusetts ilikuwa imefunikwa na ukungu na theluji. Nahodha yeyote mwangalifu angekaa mbali hadi kupambazuke. Yeye aliikadiria nafasi ya meli kwa hesabu zake, akaona mara moja tu, kwa kitambo kifupi, mwanga wa mnara wa taa wa kisiwa cha Baker ukitokea mahali ulipotakiwa kutokea, akaingiza meli bandarini gizani. Sioni ushujaa wa kubahatisha hapo. Mtu aliyekuwa amekokotoa upya kila jedwali alilolitumia alikuwa na haki ya kuliamini.

Kwa msomaji wa pwani yetu, Salem si jina geni kabisa, hata kama wengi wamelisahau. Kuanzia miaka ya 1820 merikebu za mji huo zilianza kufika Unguja kwa wingi kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, zikileta kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Kitambaa hicho ndicho ambacho hadi leo tunakiita merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akawasili Unguja. Alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Mabaharia waliotia nanga mbele ya Forodhani walitoka katika mji ambao Bowditch aliufundisha kuhesabu, katika kizazi ambacho kitabu chake kilikuwa cha lazima katika sanduku la baharia wa Marekani kama dira na sekstanti. Nahodha wetu wa jahazi aliyekuja na kaskazi na kurudi na kusi alikuwa na elimu yake ya nyota, iliyopokezwa kwa mdomo na kwa mkono. Natamani sana kwamba angetokea mtu wa kuikalia na kuiandika yote kwa uangalifu uleule, hatua kwa hatua, kabla ya wenye kuijua kutuondokea.

Baada ya bahari, Bowditch alipata kazi katika bima. Mwaka 1804 alikuwa rais wa kampuni ya bima ya moto na bahari mjini Salem, na mwaka 1823 alihamia Boston kuwa mtaalamu wa hesabu za bima ya maisha. Harvard, iliyompa shahada ya heshima mwaka 1802, ilimwita awe profesa wa hisabati mwaka 1806. Alikataa, na baadaye alikataa pia wito wa Chuo Kikuu cha Virginia na wa chuo cha kijeshi cha West Point. Hisabati aliifanya alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, nyumbani, watoto wakiwa karibu naye. Mtoto aliyekuwa na tabia njema siku hiyo alichorewa mkononi, kwa kalamu, nyota za Orioni au za Dubu Mkubwa.

Ni katika saa hizo za alfajiri alipofanya kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Pierre-Simon Laplace, Mfaransa, alikuwa ameandika kitabu kikubwa kuhusu mwendo wa sayari, mwezi na mawimbi ya maji kujaa na kupwa, Mécanique céleste. Kilikuwa kilele cha hisabati ya zama zake, na watu waliokuwa na uwezo wa kukisoma walikuwa wachache hata Ulaya. Bowditch alizitafsiri juzuu nne za kwanza, nyingi ya kazi hiyo akiifanya kati ya 1814 na 1817. Lakini Laplace alikuwa na desturi ya kuandika kwamba jambo fulani ni dhahiri, kisha kuruka hatua nyingi kwa mara moja. Bowditch alisema kwamba kila alipokutana na neno hilo alijua ana saa nyingi za kazi ngumu mbele yake kabla ya kuliziba pengo na kuonyesha ni kwa vipi jambo hilo ni dhahiri. Alizijaza hatua zote katika maelezo chini ya kurasa, hata maelezo yake yakazidi urefu wa kitabu chenyewe.

Hapa ndipo ninapomwona mwanagenzi wa duka la kamba akiwa bado hai ndani ya mzee yule. Profesa aliyefundishwa na profesa huenda asingeona sababu ya kuandika hatua hizo, kwa kuwa katika kila pengo alikuwa na mtu wa kumvusha. Bowditch alikuwa ametumbukia katika kila pengo kwa miguu yake mwenyewe, na alijua kwamba mahali fulani yuko kijana mwingine, na kitabu cha kuazima, anayejidhania hana akili.

Kazi hiyo aliichapisha kwa fedha zake. American Academy of Arts and Sciences ilitaka kugharimia, lakini hakupenda watu wanunue kwa hisani kitabu wasichoweza kukisoma. Mkewe Mary alimhimiza atumie akiba ya familia, akaahidi kubana matumizi ya nyumba. Juzuu ya kwanza ilitoka 1829, ya pili 1832, ya tatu 1834, mwaka ambao Mary alifariki, na kitabu kikawekwa wakfu kwa kumbukumbu yake. Bowditch alikuwa akisahihisha kurasa za juzuu ya nne alipougua. Alifariki Boston tarehe 16 Machi 1838, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 65, na juzuu hiyo ikatoka mwaka uliofuata. Kitabu chake cha mabaharia kinaendelea kuchapishwa na serikali ya Marekani hadi leo, na wenye kazi hiyo hawakiiti kwa jina lake refu, wanakiita Bowditch.

Kisa kimoja nimekiweka hadi hapa, kwa sababu nilimsimulia yule mwanafunzi wangu na ndicho alichoondoka nacho. Mwaka 1817 merikebu ya starehe kutoka Salem, iitwayo Cleopatra's Barge, ilitia nanga Genoa, Italia, na watu wengi walipanda kuitazama. Miongoni mwao alikuwa Franz Xaver von Zach, mwanafalaki mashuhuri wa Ulaya. Mazungumzo yalipofika kwenye longitudo, mwenye meli alimwambia kwamba hata mpishi wake anaweza kuikokotoa. Mpishi, mtu Mweusi, alitoka jikoni akiwa na aproni nyeupe, kuku mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Zach na wenzake walimuuliza anatumia njia gani kurekebisha umbali wa mwezi. Alijibu kwamba kwake zote ni sawa. Hutumia ya Maskelyne, ya Lyons, ya Witchell na ya Bowditch, ingawa aipendayo zaidi ni ya Dunthorne, kwa kuwa ameizoea. Waliendelea kumuuliza, naye akaendelea kujibu. Kisha akashuka chini, akarudi na madaftari yake ya safari, yamejaa hesabu alizozifanya kwa mkono wake, akawafungulia wazisome.